Lekcha ya saa mbili haiingii kwenye bando

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja hapa Dar es Salaam, nafundisha takwimu mwaka wa kwanza, darasa la wanafunzi 180. Tangu zisikike habari za Marburg kule Kagera na baadaye mpox, mkuu wa idara ameagiza kila kozi iwe na toleo la mtandaoni, ili vyuo vikifungwa tena tusikae bure kama 2020. Walimu wakongwe wananiambia nisijisumbue: wakati wa korona wanafunzi waliletewa masomo kwenye simu wakayakimbia, tatizo ni uvivu. Wanafunzi wenyewe wanasema tatizo ni bando. Nani mkweli, na mimi nianzie wapi?

Jibu: Mwalimu, kwanza tuweke kumbukumbu sawa, maana wakongwe wako wanachanganya nchi na nchi. Mgonjwa wa kwanza wa korona hapa kwetu alitangazwa Machi 16, 2020. Kesho yake shule zikafungwa, Machi 18 vikafuata vyuo, na vyuo vikafunguliwa Juni 1. Ni siku 75. Katika siku hizo wanafunzi wengi wa vyuo vyetu hawakukimbia masomo ya mtandaoni, kwa sababu hayakuwepo ya kukimbia. Walifunga mabegi, wakarudi kwao, wakangoja tangazo. Chuo Kikuu Huria, ambacho tangu sheria yake ya 1992 kiliundwa kwa ajili ya watu wasomao wakiwa mbali, hicho ni habari nyingine. Kwingine zilikuwa juhudi za mwalimu mmoja mmoja mwenye kikundi cha WhatsApp au Zoom ya bure.

Uzoefu mkubwa wa kutufunza uko nchi ambazo zilihamishia vyuo vizima mtandaoni ndani ya wiki chache. Ile haikuwa elimu ya mtandaoni kama wataalamu wanavyoijua. Mwezi huohuo wa Machi 2020 Charles Hodges na wenzake kutoka vyuo vya Marekani waliandika kwamba kozi ya mtandaoni hupangwa miezi kadhaa kabla ya kufundishwa, na kwamba kilichokuwa kikifanyika wakati ule kiitwe kwa jina lake, yaani ufundishaji wa dharura kwa mbali. Mwalimu alichukua lekcha yake ya saa mbili, kama ilivyo, akaisogeza mbele ya kamera.

Hapo ndipo wanafunzi walipoanguka. Ili mwanafunzi apate lekcha ya namna hiyo, vitu vitano lazima vikutane dakika ileile: simu iwe na chaji, mtandao uwe umesimama, bando liwepo, pawe na utulivu, na watu wa nyumbani wawe wamemruhusu akae. Kikikosekana hata kimoja, lekcha imempita na hairudi. Darasani Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au kwingineko hivi vitano havihesabiwi kwa sababu jengo linavitoa vyote kwa pamoja. Maktaba mpya ya Mlimani, iliyofunguliwa Novemba 2018, ina nafasi ya watu wapatao 2,100 kukaa kwa wakati mmoja. Kufunga chuo ni kumnyang'anya mwanafunzi meza, soketi, taa na kimya kabla hata hujamnyang'anya mwalimu.

Kwa hiyo kazi yako yote katika hilo toleo la mtandaoni ni moja: punguza vitu vinavyopaswa kukutana kwa dakika moja. Mengine nitakayoyasema yanatoka hapo.

Tuanze na bando, maana wanafunzi wako hawasemi uongo, ila hawajakupigia hesabu. Kanuni ni rahisi: kilobiti kwa sekunde zidisha kwa 0.45, unapata MB kwa saa. Zoom, kwa vipimo vyake yenyewe, hutumia kilobiti 60 hadi 80 kwa sauti tupu, 50 hadi 75 kwa kuonyesha slaidi bila video, na kuanzia 600 kwa video ya kikundi. Chukua mwanafunzi mwenye kozi tano, kila moja saa tatu za lekcha kwa wiki, jumla saa 15. Kwa video ya chini kabisa ni MB 270 kwa saa, GB 4 na kidogo kwa wiki, na GB 60 kwa muhula wa wiki 15. Kwa sauti na slaidi bila video ni kama MB 70 kwa saa, takriban GB 1 kwa wiki. Kwa sauti iliyorekodiwa kwa kilobiti 32, ambayo anaipakua mara moja na kuisikiliza atakavyo, ni MB 14.4 kwa saa. Saa zote 15 zinakuja MB 216.

Soma tena hizo namba mbili: GB 4 na MB 216, kwa wiki ileile, kwa maneno yaleyale ya mwalimu. Sasa kumbuka kwamba mwaka 2020 bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mwenye mkopo, ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku, na hata baada ya kupandishwa kuwa 10,000 ndani yake mna chakula, malazi na nauli. Tena hao ni wenye mkopo. Mwanafunzi akizima video yako ujue anachagua kati ya sura yako na chakula cha mchana.

Afrika Kusini waliliona hili mapema. Vyuo kama Wits na UCT viliwapa wanafunzi GB 30 kwa mwezi, lakini 10 tu ndizo zilikuwa za wakati wowote. 20 zilikuwa za usiku wa manane. Ukiwa na mgao kama huo, lekcha ya saa 4 asubuhi ni kosa la mpangaji, wala si la mwanafunzi. Hapa kwetu pia kuna vifurushi vya usiku na vya chuo ambavyo ni nafuu kuliko vya mchana, na wanafunzi wako wanavijua kuliko wewe. Kila kitu chako kiwe cha kupakuliwa saa 7 usiku na kusomwa saa 7 mchana.

Ila bando likipatikana la bure leo, bado hujamaliza. Twende nyumbani.

Vyuo vilifungwa katikati ya Machi, na Machi hadi Mei ni masika. Chukua binti aliyerudi kwao Chanika, nyumba ya bati isiyo na dari. Mvua ikianza, sauti ya mwalimu kwenye simu inamezwa yote. Anaweza kuinua sauti hadi mwisho na bado asisikie neno. Mvua ikikata, umeme nao umekata. Umeme ukirudi, LUKU ni ya nyumba nzima, wapangaji wanachangishana, na kuna mpangaji anayehesabu nani amechomeka laptopu tangu asubuhi. Yote yakitulia, mama anapita na ndoo: "Wewe uko na simu tangu asubuhi, hebu kachote maji." Kwa macho ya nyumbani anayesoma kwa simu na anayechezea simu ni mtu mmoja. Kaka yake akiitwa, atasema yuko darasani na huenda akaachwa; binti ataitwa mara tatu ndani ya lekcha moja. Hili la wasichana kurudishwa jikoni ni kubwa kuliko tunavyolitamka, na dawa yake haiko kwenye kompyuta. Lakini sauti ya dakika kumi anaweza kuisikiliza akiwa jikoni, na akiitwa anaisimamisha. Lekcha ya moja kwa moja haisimamishwi.

Usilazimishe kamera. Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford aliandika Februari 2021 kuhusu uchovu wa mikutano ya video, akataja sababu nne: macho ya watu wengi karibu mno na uso wako, kujiona mwenyewe muda wote kama uko mbele ya kioo, kukaa pasipo kusogea, na kazi ya ziada ya kusoma ishara ambazo ana kwa ana huzipata bila kufikiri. Kwetu ongeza ya tano: chumba. Nyuma ya mwanafunzi kuna kitanda, pazia linalogawa chumba na wadogo zake watatu. Kumwambia awashe kamera mbele ya wenzake 179 ni kumvua nguo. Wengi waliosemwa wamelala walikuwa wamejificha tu.

Sasa tuijenge kozi. Kwa mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, zikiwemo lekcha, tyutoriali, mazoezi na kujisomea. Kozi ya krediti 12 ni saa 120; kwa wiki 15 ni saa 8 kwa wiki, si zaidi. Hizi saa 8 zibandike ukutani, kwa sababu malalamiko yaliyorudiwa sana na wanafunzi wa korona, nchi kwa nchi, ni kwamba kazi iliongezeka. Mwalimu asipomwona mwanafunzi hushikwa na wasiwasi kuwa hasomi, basi anatoa asaimenti kwa kila kipindi. Walimu watano wakiwa na wasiwasi huo kwa pamoja, mwanafunzi amekwisha.

Zigawe saa 8 hivi: saa 1 ya kusikiliza, 2 za kusoma, 3 na nusu za mazoezi, dakika 40 za kuonana moja kwa moja, na zinazobaki za kujadiliana kikundini. Utashangaa kwamba lekcha imekuwa saa moja tu. Rekodi lekcha yako ya saa mbili kisha toa kuita majina, kufuta ubao, kurudia kwa waliochelewa, mizaha na kusubiri projekta iwake. Kinachobaki hakizidi sana hapo.

Saa hiyo moja ikate vipande vitano vya dakika 10 hadi 12. Philip Guo na wenzake walipochunguza mwaka 2014 jinsi wanafunzi wa kozi za mtandaoni za edX walivyotazama video, waligundua kwamba zile zisizozidi dakika sita ndizo zilizoshika watu vizuri zaidi. Sauti ukiwa na karatasi mkononi inavumilika kidogo zaidi, ila ukivuka robo saa wamekuacha. Kila kipande kibebe wazo moja na kiishe na swali moja la kufanya kabla ya kufungua kinachofuata.

Kurekodi usinunue kitu. Simu yako inatosha. Kaa chumba chenye pazia, godoro au nguo zilizotundikwa, kwa kuwa kuta tupu zinarudisha mwangwi. Zima pangaboi. Weka simu kama sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, kando kidogo na si mbele moja kwa moja, ili pumzi ya herufi p na b isipige maiki. Rekodi alfajiri, kabla bodaboda na matangazo ya mtaa hayajaanza, na epuka wikiendi kama mtaa wako una vigodoro. Kisha ingiza faili kwenye Audacity, programu ya bure, uifanye mono, yaani mkondo mmoja wa sauti, na uitoe kama MP3 ya kilobiti 32. Dakika kumi zitakuwa MB 2.4. Simu ikirekodi yenyewe kwa ubora wa juu inaweza kukupa faili mara nne au tano ya hiyo, na hapo ndipo walimu wengi wanapoharibu kazi nzuri: wanapakia kilichotoka kwenye simu bila kukipunguza.

Slaidi zako za darasani nazo hazifai kama zilivyo. Kwenye skrini ya inchi sita herufi za ukubwa wa 18 hazisomeki bila kukuza na kuburuta. Tumia 28 kwenda juu, mistari isiyozidi saba, ardhi nyeupe, na namba kubwa ya ukurasa pembeni, kwa sababu kwenye sauti utakuwa unasema "sasa nenda ukurasa wa 4, mstari wa pili". Usiposema hivyo, msikilizaji atapotea kufikia dakika ya tatu. Punguza picha, hifadhi kama PDF, isizidi MB 1. Na hakikisha ni PDF ya maandishi halisi, si picha ya karatasi uliyopiga kwa simu: mwanafunzi asiyeona hutegemea programu inayomsomea maandishi, na picha haisomeki. Asiyesikia naye atahitaji maneno ya sauti yako yaliyoandikwa. Kama uliandika muhtasari kabla ya kurekodi, unao tayari.

Wiki nzima sasa ni vipande vitano vya sauti MB 13 hivi, slaidi MB 1, zoezi nusu MB. MB 15. Ukiwashawishi walimu wenzako wanne wafanye vivyo hivyo, mwanafunzi anabeba kozi zote kwa MB 75 kwa wiki, GB 1 na pointi kidogo kwa muhula mzima. Linganisha na zile 60.

Takwimu ina sehemu ambazo sauti haitoshi: kusoma jedwali la t, na kutumia kikokotoo. Hizo zipe video fupi, dakika 4, kamera ikiangalia mikono yako na siyo uso. Kwa kilobiti 200 video hiyo ni MB 6. Nitakuonyesha moja ninayoiona ni ya lazima. Wanafunzi wengi wana Casio fx-991ES PLUS. Unabonyeza MODE, 3 kwa STAT, 1 kwa safu moja ya data, unaingiza namba, AC, kisha SHIFT na 1, halafu 4. Hapo inatokea orodha, na hapo ndipo darasa linapogawanyika: namba 3 ni σx, mkengeuko sanifu wa kundi zima; namba 4 ni sx, wa sampuli. Darasani unapita kati ya madawati, unamwona aliyebonyeza 3, unamgusa bega. Mtandaoni humwoni. Atabeba kosa hilo hadi kwenye UE, mtihani wa mwisho wa muhula.

Kwa hiyo lazima zoezi lenyewe limkamate. Mpe dakika walizosubiri abiria watano kituo cha daladala Makumbusho: 4, 7, 9, 12 na 18. Wastani ni 10. Miraba ya tofauti ni 36, 9, 1, 4 na 64, jumla 114. Gawanya kwa 4, kwa kuwa ni sampuli, upate 28.5, na mkengeuko sanifu ni 5.34. Aliyebonyeza 3 amegawanya kwa 5, amepata 22.8, na atakuandikia 4.77. Kwenye Moodle, mfumo wa kuwekea masomo na mazoezi mtandaoni, weka 4.77 kama jibu unalolitarajia kukosewa, na maoni yake yatokee yenyewe: "Umechukua σx. Hii ni sampuli, siyo kundi zima. Rudi kwenye orodha uchague 4." Maoni hayo unayaandika mara moja na yatafanya kazi usiku ukiwa umelala. Hapa mtandao unashinda darasa, na hapa ndipo pa kuweka nguvu zako kuliko kwenye kamera nzuri.

Kuhusu kuibiana majibu: madesa yapo tangu zamani na hayataisha kwa vitisho. Namba ya tano katika zoezi hilo ifanye iwe 10 ukijumlisha tarakimu ya mwisho ya namba ya usajili ya mwanafunzi. Tayari una matoleo kumi ya swali moja. Moodle pia ina maswali ya kukokotoa ambayo humpa kila mtu namba zake bila wewe kushughulika. Bado watasaidiana, lakini sasa atakayesaidiwa itabidi aelezwe njia, na kuelezwa njia ni kusoma.

Zile dakika 40 za moja kwa moja si za lekcha. Nimezifanya 40 kwa sababu Zoom ya bure hukata kikundi hapo, na kwa sababu zinatosha. Gawa 180 katika makundi sita ya tyutoriali, watu 30 kila moja. Kwako ni saa 4 kwa wiki, kama ulivyozoea. Maswali yaletwe siku moja kabla, kwa ujumbe wa kawaida, na wewe uchague manne. Sauti tu, slaidi moja, wanaotaka kuandika waandike. Aliyekosa atapata rekodi ya sauti jioni. Kuhudhuria hakupewi alama hata moja. Ukikupa alama, umerudisha vile vitu vitano tulivyovikimbia.

Badala ya mahudhurio, hesabu zoezi la wiki. Gawa darasa katika vikundi 15 vya watu 12, kila kimoja na kiongozi wake, chini ya CR, mwakilishi wa darasa. Mwanafunzi ambaye zoezi lake halijaonekana kwa siku 10, kiongozi ampigie simu. Ampigie, asimwandikie, maana asiye na bando haoni WhatsApp. Mara nyingi jibu litakuwa simu imeharibika, au amekwenda shambani na mtandao ni wa kupanda mlimani. Huyo atumiwe faili kwenye memori kadi kupitia mwenzake au kondakta wa basi. MB 225 za muhula mzima wa kozi yako zinaingia kwenye kadi ya bei ndogo kabisa. Wengine watacheka, lakini mnamo Mei 12, 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika na nchi nzima ikabaki na mtandao wa kusuasua. Memori kadi haikuathirika.

WhatsApp itumie kwa matangazo, na Moodle iwe ghala. Kikundi cha WhatsApp sasa kinabeba hadi watu 1,024, hivyo 180 wanaingia, lakini faili lililotumwa wiki ya pili limezikwa chini ya salamu na vichekesho kufikia wiki ya nne, na asiyelipakua mapema huambiwa halipo tena. Wafundishe kuweka programu ya Moodle kwenye simu, siyo kuingia kwa kivinjari: programu hiyo huruhusu kupakua kozi nzima na kuisoma bila mtandao. Muulize mtu wa TEHAMA chuoni ukubwa wa faili unaoruhusiwa. Seva yenye mipangilio ya asili ya PHP, lugha ya programu inayoendesha Moodle, hukataa faili linalozidi MB 2, na mwanafunzi anayepakia picha tano za kazi ya mkono zenye MB 4 kila moja atakwama usiku wa mwisho bila kujua kwa nini. Mwonyeshe mapema jinsi ya kuskani kwa rangi nyeusi na nyeupe, kurasa tano ndani ya faili moja.

Saa, mwalimu. Usicheke. Moodle inaandika saa za Kizungu, mwanafunzi anaishi kwa saa za Kiswahili, na mtihani wa 8:00 kuna atakayeujia saa 8 mchana. Baya zaidi ni mwisho wa kukusanya ukiwekwa Ijumaa 12:00 AM. Wewe ulikusudia Ijumaa usiku. Mfumo unajua ni saa 6 usiku wa kuamkia Ijumaa, siku nzima kabla. Weka mwisho wote saa 12 jioni, uandike kwa maneno: "Ijumaa, saa 12:00 jioni, yaani 18:00". Na angalia kama seva ipo kwenye saa za Afrika Mashariki. Ikiwa imeachwa kwenye saa za Greenwich, kila kitu kitachelewa kwa saa tatu.

Testi nayo usiianzishe kwa filimbi moja. Watu 180 wakibonyeza "anza" sekunde ileile, seva ndogo inalala, na wote watasema mwalimu kawafelisha. Fungua dirisha la saa 24, kila mmoja aingie atakapo, lakini akishaingia apewe dakika 60. Maswali 10 yachotwe kutoka kwenye hazina ya 40. Katika mipangilio chagua kwamba muda ukiisha majibu yaliyokwisha kuhifadhiwa yakusanywe yenyewe. Lile chaguo jingine, la kwamba asiyekusanya kwa wakati hahesabiwi, limewaangusha wanafunzi wasio na kosa zaidi ya kukatikiwa umeme. Moodle huhifadhi majibu kila baada ya muda mfupi, lakini kwa sharti mtandao uwepo; mwambie mwanafunzi akiona onyo la kupoteza mawasiliano asifunge ukurasa, asubiri mtandao urudi. Testi kama hizo zibebe sehemu ndogo ya kosiweki, alama za kabla ya UE. Kama chuo chako ni cha 40 kwa 60, zile 60 za UE zingoje milango ifunguliwe. Kusimamia mtihani mkubwa wa watu 180 walio vyumbani mwao, kila mmoja na kamera, hakufanyiki kwa haki katika mazingira yetu, na anayekuambia kunafanyika huenda ana programu ya kuuza.

Andaa wiki tatu tu kwa sasa, siyo 15. Zijaribu muhula huu chuo kikiwa wazi, ili makosa yatokee wakati mwanafunzi anaweza kukukimbilia ofisini. Kabla hujaipeleka wiki ya kwanza, azima simu ya bei ya chini yenye nafasi iliyojaa picha, ile inayoganda ukifungua vitu viwili. Pakua wiki nzima juu yake, iweke kwenye hali ya ndegeni, toka nje ukae kwenye ngazi penye kelele, ufanye kila zoezi hadi mwisho kwa spika za masikioni za elfu mbili. Kila mahali utakapolazimika kuwasha data, paandike. Hapo ndipo pa kurekebisha kwanza.